Mkulima wa Mawe

Kitengela,
Jumatatu.

Mpendwa kaka Mulinge,

Natumaini joto la Magadi halijakuyeyusha, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Huku tu wazima. Mama amerudi kuongoza kwaya ya akina mama, na sauti yake bado inatikisa mabati ya kanisa.

Habari yangu kubwa ni kwamba Allan, yule produsa wa hapa mtaani, amerekodi rap yangu. Najua wewe huiita kelele. Mimi naweza kutembea na mstari mmoja wiki nzima, mpaka ubebe mizigo miwili bila kulemewa. Wimbo unamsifu mkulima hodari: anapanda mawe kwenye pembe za shamba, yanaota nyumba, shamba moja, mavuno mawili. Vijana wanauimba wakicheka, wakidhani ni kichekesho tu.

Mama aliusikia akichambua maharagwe, akaniambia nizime simu. Nilingoja mahubiri. Badala yake akasema hayo mawe ni bikoni, yale ya kuweka mipaka ya ploti, na mkulima ni Mzee Kitonga, broka wa ploti na mzee wa kanisa letu. Kisha akanieleza jambo ambalo hajawahi kutuambia: kabla ya kuokoka aliimba myali, zile nyimbo za Kikamba za kumsuta mkosaji bila kumtaja. Lakini myali ina sheria. Anayesutwa lazima awepo ngomani, asikie, ajibu au arekebishe. Akaniuliza kama chuo kilinifundisha kumpiga nyoka ambaye hayupo. Kumwimbia Kitonga kwenye simu za watoto, akasema, ni umbea wenye mdundo.

Basi jana, kwenye sherehe ya mavuno, Mama aliiketisha kwaya akanipa maikrofoni. Kitonga alikuwa kiti cha mbele. Nilipofika kwenye mawe, akina mama wa Kikamba wakaanza kuitikia. Walijua. Kitonga akatazama viatu vyake.

Leo asubuhi alikuja nyumbani kunisihi niufute ubeti wa pili. Mama akamwambia ubeti haufutwi, hujibiwa.

Kaka, sasa keti. Shamba la kwenye wimbo ni ploti yako ya Kisaju. Mwezi uliopita nilimkuta mtu aitwaye Wanyoike akichimba msingi pale. Naye, kama wewe, aliuziwa na Kitonga, hana hatia. Nilinyamaza kwanza kwa sababu nilikujua: ungekuja na panga. Hasira yako niliibeba mimi, ikageuka mistari.

Kitonga amekubali kuketi nawe na Wanyoike Jumamosi, mbele ya wazee wa kanisa. Omba ruhusa kazini, uje na karatasi zako, panga uliache. Jioni hiyo nina shoo Kajiado mjini, na Mama amemwalika Kitonga. Ubeti wa tatu sijauandika. Akikurudishia haki yako, nitamsifu waziwazi, bila fumbo. Asiporudisha, akina mama wote wa kwaya tayari wamekishika kiitikio.

Msalimie wifi Valerie na watoto. Mungu awalinde huko kwenye chumvi na jua.

Ni mimi mdogo wako,
Nzisa Maundu