Nimewaambia Watu Ilikuwa Korona

Mpendwa Bibi Hosiyat,

Naomba unisaidie kwenye ukurasa wako wa gazeti neno moja linalonikaa kooni, maana mengine yote kwangu ni shwari, mimi ni mpishi wa pilau za harusi hapa mjini Margilan, nina miaka thelathini na tatu, napumua vizuri na mke wangu Nigora amerudi kucheka. Korona ilipofunga harusi zote, siku moja kifua kilinibana nikiwa nimekaa tu, mkono wa kushoto ukafa ganzi, mama akasema ni korona hiyo, akaniyeyushia mafuta ya mkia wa kondoo bakuli zima nikanywa, hali ikazidi, Nigora akaita gari la wagonjwa kwa lazima, na hospitalini daktari akasema mapafu mazima, ni moyo, mshipa umeziba, wakaniwekea kijibomba cha kuuzibua, wakaniambia na ndugu zangu wa tumbo moja wapimwe, kwa kuwa baba naye alianguka ghafla akafa akiwa bado kijana.

Sasa Bibi, tuliporudi nyumbani mimi na mama tukawaambia watu wote ilikuwa korona, kwani korona imeingia kila nyumba na haimwaibishi mtu, lakini wakisikia moyo watasema ukoo wetu una damu mbovu, na mdogo wangu Jasur ameshaposa, mkate wa uchumba umeshamegwa kwa wakwe. Jasur mwenyewe hajui. Juzi tulikuwa tunahamisha sufuria kubwa nikamwona amesimama kashika kifua, nikamuuliza, akacheka: "Kaka, ni korona yako hii umeniambukiza." Akaenda kwa mama kuomba mafuta ya mkia. Nikanyamaza. Je, nimwambie niiharibu harusi, au ningoje kwanza aoe?

Davron (majina yote nimeyabadili), Margilan

Davron mjukuu wangu,

Nimefurahi u hai. Huyo Nigora mkalishe mahali pa mgeni wa heshima, yeye ndiye aliyekurudisha, si kondoo.

Sasa nikuseme. Mimi shule niliiacha mapema nikalee wadogo zangu, na wote niliwalea wakakua, sikumficha hata mmoja jambo la uhai wake. Wewe una ndevu, unamwona ndugu yako kashika kifua, unanyamaza kwa ajili ya mkate? Binti wa watu unataka kumpa mume au kumpa ujane?

Mwambie leo, ana kwa ana, si kwa simu. Zima jiko, mshike mkono, mwende pamoja hospitali, barakoa usoni. Akikutwa mzima, mtacheka njia nzima. Akikutwa na kitu, kinatibika, wewe si unapumua? Kisha Jasur na mama yenu waende kwa wakwe waseme wazi kabla ya harusi. Wakikataa, basi, mabinti Margilan hawajaisha. Ila sidhani kama watakataa. Huko mjini kwenu kila nyumba ina mtu wake wa moyo, wamejificha tu kama nyinyi.

Mama yako mwambie kwa adabu kwamba mafuta ya mkia ni ya pilau, tena kidogo. Dawa zako meza hata siku unayojiona simba. Masufuria wabebe wengine, wewe shika upawa utoe amri, ndiyo kazi ya mpishi mkuu.

Haya, likunje gazeti. Jasur yuko wapi saa hizi? Mfuate.