Kile Chekundu

Semonkong, wiki ya theluji

Baba Lineo,

Hatujambo, ila kuku wawili wamekufa kwa baridi. Ile hita nilinunua ya mafuta ya taa, maana huku kusikofika umeme, ya umeme ingekaa pambo. Baba yako aliicheka: "Kidude hiki kitampasha nani joto? Labda paka." Kesho yake kiti chake kilikuwa mbele ya hita hiyo hiyo.

Tangu unioe sijatamka jina la baba yako, kama mila inavyotaka. Na kwa kuwa jina lake ndilo la kile kinachowaka, hata jikoni nakiita "chekundu".

Juzi aliongeza mafuta hita ikiwaka, ingawa nilimkataza mara tatu. Ndimi zikarukia blanketi lake, naye bado anatafuta kifuniko. Nikapiga kelele, "Moto! Moto!" Nikamfunika kwa blanketi langu la sufu, nikambana mpaka zikazimika.

Kisha nikapiga magoti kwa aibu.

"Ulikuwa unaniita au unanionya?" akauliza.

"Yote mawili, baba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi niite tu, mwanangu. Ungeniheshimu, saa hizi ningekuwa majivu."

Mkono wake unapona, usiwe na wasiwasi. Sasa anawafundisha wageni: izime, ipoe, ndipo ujaze, na dirisha liache wazi kidogo. Anadai alijua siku zote.

Jana nilimwita kutoka uani kwa sauti yangu yote, "Moto, chai tayari." Majirani watatu wakaja mbio na ndoo za maji.

Mkeo,
'Malineo