Geji Tisa Zilizonirudisha Barabarani

Lindi, Kibera

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu Mwende. Goti lako linaendeleaje? Na ndengu, zimepata mvua ya kutosha ama ndege wamezimaliza? Mimi ni mzima, nakula, nalala, kanisani naenda. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika katikati, na barua hii ukiikatiza utakuwa unagombana na karatasi.

Uliambiwa na watu kwamba siku hizi mshahara wangu unaishia kwenye vyuma chakavu. Ni kweli, lakini si wote. Kila Jumamosi nikitoka gereji kule Kawangware napitia Soko la Toi, pembeni, ambako kuna mzee anayetandaza vifaa vya mtumba juu ya gunia: spana, koleo, jeki zisizoinua kitu. Mimi hutafuta geji za kupima upepo wa tairi, zile za duara zenye mshale, ambazo watu wametupa kwa kuwa hazisomi.

"Madam, hiyo ni original, imetoka majuu," huniambia.

"Original na mshale umelala? Hii ni maiti, nipee bei ya mazishi."

Hucheka, kisha huniachia tatu kwa bei ya moja. Kupatana bei nilijifunza kwa mama, Mwaitu wetu, na wewe unajua hakuna mfanyabiashara aliyewahi kumshinda.

Nyumbani nazifungua moja moja mezani. Mara nyingi ugonjwa si mkubwa. Tundu limeziba kwa udongo, ama kijiraba cha mdomoni kimekauka na upepo unatoroka, basi nakata kingine kutoka kwa tyubu kuukuu. Mshale ukiwa umehama, nafungua kioo, nauinua taratibu kwa ncha ya kisu, naurudisha mahali pake. Hapo kwenye "mahali pake" ndipo nilipoharibu.

Ili kujua mshale unafaa kukaa wapi, nilikuwa nabeba geji zangu hadi kituo cha petroli kilicho karibu na gereji, napima tairi kwa mashine yao ya upepo, kisha nalinganisha. Mafundi wote wa pale hufanya hivyo. Mashine ya petroli ikisema thelathini, hakuna wa kubisha. Nikatengeneza geji tisa, nikawauzia madereva na watu wa bodaboda, nikajiona fundi kamili.

Mwezi uliopita akaja Wafula, dereva wa gari la shule, amekunja uso.

"Sasa Mwende, hii geji yako iko aje? Gari inaruka kama mbuzi. Na cheki tairi, zimeisha katikati pekee."

Nikainama nikaona. Wewe ulikuwa utingo wa lori miaka mingi, unajua tairi ikiisha katikati imejazwa kupita kiasi. Gari hilo hubeba watoto, Baba.

Nikaazima geji mpya kwa muuza tairi mmoja wa Ngong Road, nikapima. Ile ya Wafula ilisoma pungufu kwa namba sita nzima. Nikaipeleka kwa mashine ya petroli, zikasoma sawasawa. Mashine ndiyo iliyokuwa ikidanganya, na mimi nilikuwa nimezifundisha geji tisa uongo wake.

Mwenye gereji, ambaye sote tunamwita Baba Akinyi, aliniambia ninyamaze. "Wacha wee. Na hizi barabara zetu, nani atajua ni geji? Ukienda kujitangaza, customers watahepa. Wakihepa, na wewe uhepe."

Hakuwa anatania. Kibarua hicho ndicho kinachonilipia nyumba, na kabla yake nilizunguka gereji nyingi nikiambiwa mwanamke hawezi kushika tairi. Siku hiyo sikula. Njaa sikuiogopa sana. Niliogopa kurudi nyumbani Kitui na begi langu halafu wewe unionee huruma.

Asubuhi nikamwambia naenda kuzikusanya. Siku mbili nilizunguka stage za bodaboda na maegesho ya madereva, nikisema maneno yaleyale: nilikosea, nirudishie, nitairekebisha bure. Mmoja alinitukana mbele ya watu. Wengine walishangaa tu. Wa mwisho nilimpata mtaa wa Gatwekera akiosha pikipiki.

"Umetembea kutoka Kawangware juu ya hii kitu?" akauliza.

"Ndiyo. Inakudanganya."

"Manze, fundi wa kurudi kusema amekosea sijawahi ona."

Nikarudi na zote tisa ndani ya kiondo. Nilitembea kifua mbele, sikufichi. Ningefukuzwa siku ile bado ningejivunia.

Baba Akinyi hakunitazama usoni. Alinyoosha kidole tu kuelekea meza yangu. Juu yake kulikuwa na geji nne za madereva nisiowajua, waliosikia habari zangu kwa Wafula. "Fanya haraka, watu wanangoja," akasema, akarudi chini ya gari. Mpaka leo hajalitaja jambo lile, na mimi sijamuuliza. Siku hizi nalinganisha na geji mpya niliyojinunulia dukani, ambayo siifungui wala simwazimi mtu.

Nisalimie sana Mwaitu, umwambie sukari yake nitaituma na mtu wa kanisa. Msalimie shangazi Syombua, mshonaji wetu, na mdogo wangu Kanini anayekusomea barua hii. Kanini, usiruke mahali ninapojisifu.

Jambo moja limebaki. Zile geji za mwanzo sikuziandika chochote. Sasa kila inayotoka mikononi mwangu naichora nyuma kwa msumari: Mwende Mutisya. Ikidanganya, mwenye nayo ajue pa kuirudisha. Jina lako limo humo pia, Baba, kwa hivyo nimeona vyema ujue kwamba linatembea Nairobi.

Ni mimi binti yako,
Mwende