Jina ya Faida Iko Bado mu Kaye

Maman mupenzi,

Jambo kutoka Bukavu mpaka kwenu Kindu. Magoti inasemaje? Papa anakohoaka bado? Miye niko muzima, nimekonda kidogo tu, usianze kulia.

Message yako nilipata: "Faida iko wapi?" Iliniuma roho. Tangu vita ifike Kavumu, kwenye mudogo wangu aliolewa, alikimbia na mimba, hakuna mwenye alimuona tena. Na miye ni mutu wa phonie, ile radio ya kuitana, ya paroisse ya kanisa! Napelekaka habari ya kila mutu, ya dada yangu ikanishinda.

Nikuambie ukweli, nilikosea. Huku poste moja inasikika asubui, ingine magaribi, kufwatana na batri. Kwa hiyo tunapitishana message: mwenye kupokea anaandika mu kaye, daftari yake, anatunza mpaka asikie poste ya mbele. Niliita poste ya Miti, wakajibu "bien reçu", ni kusema wamepokea, nikafuta jina ya Faida. Kesho yake antene ya Miti ikaangushwa. Message ikafia pale, na miye nangojea jibu wiki mbili, mujinga kabisa!

Maman Sifa, mukubwa wetu wa kazi, alinigombeza mbele ya watu: "Weye! Ile ni 'bien reçu' ya Miti. Faida amejibu? Jina haifutwake mpaka mwenyewe ajibu!"

Nikaanza upya, na njia tatu: phonie ya Walungu, chauffeur wa gari ya Kavumu, na maman mumoja wa Walungu mwenye kuuzishaka ndizi huku. Nilimupa karatasi, akaifunga mu kitenge.

Juzi Walungu wakaniita. Sauti inakatika, inarudi. Kumbe ni Faida mwenyewe! Maman wa ndizi alimukuta ku soko. "Kaka, niko muzima. Nilizala mutoto muke, nimemupa jina ya maman." Nililia kwa sauti, na poste zote za Kivu zilisikia. Wananichekelea mpaka leo.

Kindu haisikike wiki hii. Barua hii napatia abbé, padri wetu, mwenye anapanda ndege, na message ileile iko inapitia Shabunda. Moja itakufikia.

Salimia papa, na tonton wetu wa gare ya treni, na jirani mwenye kutupatiaka chumvi.

Lakini jina ya Faida iko bado mu kaye yangu, maman, sababu weye njo uliuliza, na sijajua kama jibu imekufikia. Ujibu, hata neno moja, nipate kuifuta.

Mutoto wako,
Déo