Ndoo Chini ya Benchi

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, ni goti tu linanisumbua. Unasema mnakereza madini yanayoweza kushika moto, halafu ndoo ya maji ni marufuku. Tangu lini? Nimepika mgahawani maisha yangu yote na ndoo haijawahi kukaa mbali na jiko langu. Tajiri anayekataza maji ana lake jambo.

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo,

Mimi mzima. Pole na goti. Madini yenyewe ni titani. Huanza kama mchanga mweusi, ukapitishwa kwenye gesi ya klorini, kisha ukapikwa pamoja na madini ya magnesi ndani ya tanuru lisilo na hewa. Hutoka donge lenye matundu kama sifongo, nalo huyeyushwa tena. Sisi tunakereza vipande vya injini za ndege na vya kuungia mifupa.

Kipande kizima hakina neno. Hatari ni maranda yake membamba. Yakishika moto, ukiyamwagia maji yanalipuka. Ndiyo maana tunayafagia kila zamu, na tumewekewa mchanga mkavu.

Kitindamimba wako

2 Aprili

Marahaba, mwanangu,

Mchanga ni wa kujengea. Wanaogopa mashine zao zisilowe, basi, wala si ninyi wanaowaonea huruma. Mimi si mtoto wa jana. Kama unanipenda, weka ndoo chini ya benchi, uifunike gunia, uniambie umeweka.

Mama yako

15 Aprili

Mama, shikamoo,

Goti linaendeleaje? Nimeweka. Sasa ulale.

Kitindamimba wako

30 Juni

Mama, shikamoo,

Mimi mzima kabisa. Nimechelewa kuandika kwa sababu ya kazi. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao

14 Julai

Wewe uliyeandika,

Marahaba sikuitikii, maana sijui nani kaniamkia. Herufi za mwanangu husimama wima, zako zimelala kama zimelewa. Yeye hasaini "mwanao". Goti langu hukuliulizia. Hapa pana namna.

Kama yupo hai, muulize alisahau nini siku ya kuondoka. Kama amekufa, niambie, usinifiche. Silali.

Mama yake

1 Agosti

Mama, shikamoo,

Nilisahau viatu. Ukavirusha kwenye dirisha la basi, kimoja kikampata kondakta kichwani. Goti je?

Anayeandika ni mwenzangu wa mashine ya pili. Ile barua aliibuni mwenyewe mimi nikiwa sijitambui. Hii namtajia neno kwa neno.

Maranda yalishika moto. Mwenzangu alikimbilia mchanga. Mimi gunia lilikuwa karibu na mguu wangu, nikamwaga ndoo. Mlipuko ulinitupa ukutani. Mkono wa kulia uliungua, na mfupa ukavunjika. Daktari ameuunga kwa kipande cha titani, ile ile. Anasema mwili huipokea bila shida.

Wakubwa wamenisimamisha kazi. Waliniuliza nani alinishauri kuweka maji pale. Nilisema hakuna.

Kitindamimba wako

20 Agosti

Marahaba, kitindamimba wangu,

Goti halijambo. Mkono je? Nimelia mpaka jirani akaja kugonga.

Waambie ni mama yako. Barua yangu ya Aprili ipo, wapelekee waisome, sioni haya tena. Mwenzako mpe asante, ila mwambie hajui kudanganya.

Ukiweza, niandikie kwa mkono wa kushoto, hata mstari mmoja. Herufi zikilala, zilale. Chochote utakachoniambia nitakiamini.

Mama yako