Difu ya Pikapu Yetu

Jumatatu, 3 Machi
Maji ya rejeta, sawa. Oili ya injini imepungua, nimeongeza. Upepo wa magurudumu, sawa. Bado pikapu inakwaruza nyuma tukikata kona. Mutua anasema ni beringi. Mimi nasema ni oili ya difu, ile gia ya nyuma inayogawia magurudumu nguvu. Gari ni letu sote wawili: yeye hubebea vinyago anavyochonga, mimi mbuzi wa watu kutoka soko la Kiamaiko.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma tena kitabu cha gari. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lililo huru. Yetu ina sahani zinazobana ndani. Gurudumu moja likikosa mshiko, la pili nalo husukumwa. Inataka oili yake maalumu. Nilianza kumweleza Mutua mbele ya majirani. Akawaambia profesa wa Uvira ameanza mhadhara.
"Mzee wangu, wewe umesoma kitabu. Mimi nimesoma gari."
Walicheka. Nami nikacheka. Iliniuma. Karibu miaka thelathini tangu nitoke Uvira nihamie mtaa huu wa Ziwani, na bado mimi ni mgeni wa kuchekesha.

Alhamisi, 6 Machi
Niandike yote kama yalivyokuwa.
Mutua aliinua upande mmoja tu kwa jeki. Akatoa gurudumu. Hakuweka jiwe mbele ya lile la pili. Akaingiza mkono chini ya ekseli, aisikie beringi kwa vidole. Akaniambia niwashe, nitie gia ya kwanza, niachie klachi polepole.
Kwa difu ya kawaida, gari lingetulia. Nilijua hili halitatulia. Kitabu kimeonya waziwazi. Nikajisemea: lisogee kidogo, aone nani amesoma nini.
Nikaachia klachi. Gurudumu lililokuwa chini likashika ardhi. Gari likaruka mbele, jeki ikaanguka.
Mkono wake wa kulia.

Ijumaa, 7 Machi
Vidole vitatu vimekatwa. Sijala. Majirani wananipa pole mimi. Wanasema jeki ilikuwa mbovu. Sijakanusha. Mimi ni mtu duni.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kwake. Mkewe alinifungulia, akanipa kiti karibu na kitanda, akaingia jikoni. Mutua akaniuliza kwa sauti ya chini.
"Mzee, ulijua gari litaruka?"
"Nilijua."
Akageukia ukuta.
Mkewe hakuwa amesikia. Akaniletea chai, akaniomba radhi kwamba maziwa ni kidogo. Nilikunywa yote.