Jino Moja Nyuma

Jumamosi. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka Milima ya Iveti ukakaa juu ya migomba hadi saa nne, kisha jua likatoka polepole. Nimechoka, lakini ni uchovu mzuri. Kucha zangu bado ni nyeusi, sabuni ya kufulia imeshindwa nazo.

Wacha niandike kabla sijaanza kuipamba hii habari.

Mume wangu, Baba Mwende, amekuwa fundi wa magari ya dizeli hapa Mitaboni kwa miaka ishirini na sita. Mwaka jana alipata kiharusi. Tunashukuru, anaongea na anatembea, na mkono wa kulia ni mzima. Wa kushoto uko tu. Hata kikombe humponyoka.

Miezi minne iliyopita alibadilisha mshipi wa taimingi wa pikapu yetu kuukuu. Alifanya kazi hiyo peke yake, akafunga geti ya uani nisimwone akihangaika. Mshipi huo ndio unaofanya pampu irushe dizeli ndani ya injini kwa wakati wake, bila kuwahi wala kuchelewa. Tangu siku ile gari likawa gumu kuwaka asubuhi, likatoa moshi mweupe, na mlimani halikuwa na nguvu. Yeye alilaumu dizeli. Baadaye akalaumu nozeli zinazoinyunyiza. Mimi nikawa naitikia tu.

Jumanne tulikuwa tukienda hospitali mjini Machakos, kwa mazoezi ya mkono wake. Gari likatushinda kwenye kilima. Watu waliokuwa shambani wakaja kutusukuma kando, na mmoja wao aliwahi kumletea mume wangu trekta lake alitengeneze. Baba Mwende alikaa ndani akitazama mbele.

Sasa nikiri.

Mimi nilikuwa najua. Wiki tatu zilizopita, Baba Mwende akiwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, nilimwita Musyoka, fundi wa mjini aliyejifunza kazi kwake. Musyoka alifungua kava ya mshipi, akamulika kwa tochi, akafunga. Akaniambia pampu iko nyuma jino moja, na kwamba yeye hana uso wa kumwambia mwalimu wake neno kama hilo. Tukapatana aje siku nyingine Baba Mwende akiwa hayupo, airekebishe kimya kimya, ili ionekane gari limepona lenyewe.

Siku hiyo ilikuwa leo. Baba Mwende alitakiwa kwenda kwa dada yake Kathiani.

Hakwenda. Nilipotoka na chai nilimkuta ametandika gunia mbele ya gari, na kava ya mshipi ameshaifungua. Akaniambia niweke kikombe chini.

"Mama Mwende, nilikosea jino moja," akasema. "Kuja uwe mkono wangu wa kushoto."

Nikarudi ndani nikampigia Musyoka simu asije.

Miaka yote hii nimefua maovaroli yake, na sikuwahi kujua anachokitazama mle ndani. Kuna puli tatu zenye meno, moja chini, moja juu, na ya pampu kando, kila moja ikiwa na alama ndogo iliyochongwa. Nilizungusha injini kwa spana, yeye akimulika, mpaka alama mbili zikakaa mahali pake. Ya pampu ikabaki nyuma, kama upana wa punje ya hindi.

Alinieleza kwamba ndani ya pampu kuna springi. Ukilegeza mshipi, puli yake inaruka kurudi nyuma, kwa hivyo lazima mtu aishikilie kwa mkono mmoja huku wa pili ukivalisha mshipi. Aliyasema hayo akiangalia spana. Nikaelewa kilichotokea siku ile alipofunga geti. Ujuzi alikuwa nao wote. Mkono wa kushikilia ndio uliokosekana.

Nikashikilia. Mara ya kwanza puli ilinishinda, ikaruka, na nikatarajia anikemee kama alivyokuwa akikemea wanafunzi wake. Akasema tu tuanze tena. Mara ya pili sikuachilia, naye akausukuma mshipi kwa mkono wa kulia mpaka ukakaa. Akakaza.

Kisha akataka nizungushe injini kwa mkono mizunguko miwili kabla ya kuwasha. Alisema nikisikia inagoma niache, nisilazimishe, maana vyuma vya ndani vikigongana tumeipoteza injini. Katikati ikawa nzito. Niliacha. Akainama akasikiliza, akasema ni hewa tu inabanwa, niendelee. Alama zote tatu zikarudi mahali pake.

Gari liliwaka mara moja. Moshi ulitoka kidogo, ukakatika.

Tulipokuwa tukinawa mikono kwa petroli ndipo akaniambia kwamba Jumanne, baada ya aibu ya kilimani, alizigusa bolti za kava akakuta zimekazwa kupita kiasi. Ni Musyoka peke yake hukaza hivyo, hata baada ya miaka minane ya kukemewa.

"Kama angeona iko sawa, angeniambia," alisema. "Alinyamaza, nikajua."

Nikamweleza yote, pamoja na mpango wa leo. Alisikiliza akijipangusa vidole.

"Mngeniambia," akasema.

Afadhali angekasirika.

Jioni tulipanda kilima kile kile, mimi nikiendesha, gia ya tatu, na injini haikulalamika. Juu aliniomba nisimame kando. Akauchukua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akauweka juu ya paja lake.

"Sidhani huu mkono utarudi," akasema.

Siku zote yeye hutaja mkono kama mtu aliyesafiri na atarudi mwezi ujao. Nami siku zote huwa nasema tuombe, utarudi tu. Leo nilimwambia hata mimi sidhani. Baadaye akasema nimwambie Musyoka aje Jumatatu, wana maneno kuhusu bolti. Nilimwona akitabasamu upande wa dirishani.

Nimekuwa nikimficha ukweli kwa sababu nampenda. Lakini pia ilikuwa rahisi kwangu, hilo lazima niliandike.

Kesho baada ya ibada wataniuliza, akiwa amesimama palepale kando yangu, Baba Mwende anaendeleaje. Sitajibu. Nitamgeukia, nimwache aseme mwenyewe.